Kitabu cha Hamsa Ishirini: Koti la Mwenyekiti

Ukurasa haukuwepo!

Wiki nzima mmenisumbua, wasomaji. Mwuza magazeti wa Msimbazi kanishika shati: "Bwana mwandishi, ukurasa umekwenda wapi?" Hata mama mkwe, ambaye gazeti kwake ni la kufungia vitumbua, kauliza. Haya, kaeni vizuri. Leo ubishi huo unaisha. Ukianza mwingine, msinilaumu.

Tulimwacha Blandina, mwuza karanga wa Kariakoo, kasimama katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, mbele ya Kamati ya Shule. Mezani pana kitabu kikubwa cha jalada la ngozi. Kando ya kitabu, fimbo. Nje, kwenye benchi, binti yake Josepha wa darasa la saba anasubiri hukumu: achapwe mbele ya paredi, au afukuzwe shule na mtihani uko mlangoni.

Kosa lake? Alikileta kitabu hicho darasani akawaonyesha wenzake picha. "Huyu aliyelazwa chini anachapwa ni babu yake Mwenyekiti," alisema. Darasa zima likaangua kicheko.

Na Mwenyekiti, ndugu zangu, ni Isidori Tarimo, mwenye duka la misumari na mabati Mtaa wa Msimbazi. Hakuna paredi aliyowahi kuhutubia bila kuwakumbusha watoto kwamba babu yake alikuwa karani wa boma kule Moshi, na kwamba alikula meza moja na Mjerumani.

"Picha hiyo haipo," Isidori alikuwa amesema. "Mtoto kaizua kunikashifu."

Blandina kafungua kitabu aionyeshe. Mahali pa picha pamebaki kipande cha karatasi kilichochanika, chembamba kama ulimi wa mjusi.

"Iko wapi?" Isidori aliuliza kwa upole wa mtu anayejua jibu.

"Ilikuwa hapa. Kitabu kimelala kabatini mwenu tangu Ijumaa."

"Mama karanga, hebu tuambie. Hivi vitabu unavinunua vya nini?"

Jibu lilijulikana soko zima. Familia za Upanga zilizokuwa zikihama kwenda Ulaya ziliuza vitabu vyao kwa kilo, na Blandina alivinunua, akavichana, akafungia karanga. Kariakoo nzima imekula karanga zilizotoka ndani ya jiografia na sheria za Kiingereza.

"Anavichana!" Isidori akajijibu mwenyewe. "Huo ukurasa ulishaliwa na karanga, ndugu wajumbe. Labda hata mimi niliununua."

Wajumbe wakacheka. Hata Mwalimu Mkuu Benjamini, mtu mwoga asiyecheka bila ruhusa, alificha mdomo kwa leso.

Hapo, wasomaji, Blandina alijitilia shaka kweli. Je, kama mkono wake mwenyewe ndio uliouchana, kwa mazoea tu, huku akigombana na mteja? Kitabu hakuwahi kukipekua kabla ya leo. Josepha alikinyakua kwenye lundo siku kilipofika, akamlilia, "Mama, hiki usikichane, kina picha." Basi.

Lakini mwanamke huyu alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nampendea hicho.

"Mwanangu hasemi uongo," akasema. "Hachapwi. Na hafukuzwi."

"Chagua moja."

"Sichagui hata moja. Kwangu hakuna duka la kuchagulia viboko."

Bibi Candida, mjumbe wa kamati na mkaanga samaki wa Feri, aligonga meza. "Msikilizeni mzazi! Na wewe Mwenyekiti, leo koti lako liko wapi? Miaka yote unatuhutubia ndani ya koti hata Januari."

"Joto," Isidori akajibu, akajikuna shingo kidogo. "Ndugu wajumbe, tusipotezwe. Fimbo ni mila yetu. Mwafrika bila fimbo hakai sawa. Babu zetu walilijua hilo."

"Babu zetu?" Blandina akakivuta kitabu. "Njoo uone, Ndugu Mwenyekiti. Herufi hizi za Kijerumani sizijui, zinafanana na miiba, lakini picha hazihitaji mkalimani." Akawa anafunua, wajumbe wakainuka kwenye viti. "Watumwa wa Farao, wanachapwa. Warumi hawa, wanachapana. Baharia kafungwa kwenye mlingoti. Watoto wa Kizungu wamepangwa mstari, makalio wazi, na mwalimu wao kavaa miwani. Kitabu kizima hiki ni historia ya wenye nguvu kuchapa wasio na nguvu, na sisi tumo mwishoni kabisa, tena kwa sababu Wajerumani walikuja. Enzi zao waliitwa watu wa hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano kwa kuchelewa shambani! Hiyo ndiyo mila unayoitetea?"

Isidori alishika fimbo, akaigonga mezani.

"Hotuba nzuri. Ukurasa uko wapi?"

Ndipo mlango ukapigwa teke.

"Hodi wenye kamati! Mwenyekiti mpya kaingia. Nani anapiga kelele nimchape?"

Alikuwa Rajabu Mpare, mwuza tangawizi, jirani wa duka la Isidori. Na mwilini, jamani, kavaa koti la Isidori! Lile lile la kijivu, lenye kiraka kwenye kiwiko, mikono imemfikia kwenye kucha.

Bibi Candida alicheka hadi machozi. Kila mtu alielewa. Mpare na Mchaga ni watani tangu mlima ulipowekwa kati yao. Mtani akichukua kitu chako hajaiba. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Kazi yako ni kukikomboa, tena kwa kubishana sana, maana utani bila ubishi ni mchuzi bila chumvi.

Lakini Isidori hakucheka. Uso wake uligeuka majivu.

"Umelitoa wapi?"

"Nyuma ya duka lako, kwenye msumari, chini ya magunia. Ulidhani umelificha? Shemeji alikuwepo, kacheka, kasema chukua. Sasa lazima mtu alikomboe, na mimi leo si rahisi. Nataka..."

"Nitakupa mbuzi," Isidori akasema.

Rajabu akabaki mdomo wazi. "Nini?"

"Mbuzi dume. Leo hii. Vua koti."

Hakuna aliyecheka tena. Rajabu aliwatazama wajumbe mmoja mmoja.

"Jamani, mmemsikia? Mchaga katoa mbuzi kwa koti lenye kiraka, na hajabisha hata neno! Mimi nilikuja na nia ya soda moja."

"Na wewe Mpare," Bibi Candida akamdaka, "unauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku, halafu umepewa mbuzi bure hutaki?"

"Sitaki. Naogopa. Utani una adabu zake, na huyu kazivunja zote." Rajabu akajipapasa kifuani. "Humu mna kitu."

Isidori aliruka juu ya meza. Mtu mzima, Mwenyekiti, karuka! Wino ulimwagika, fimbo ikaanguka, Mwalimu Mkuu akajificha nyuma ya kabati. Rajabu alizunguka meza mbio, koti likipepea, mkono mmoja umezama mfuko wa ndani.

Mkono ukatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mpe Blandina!" Candida akapiga kelele.

Blandina akaipokea. Hakuikunjua kwanza. Aliiweka juu ya kile kipande kilichobaki kitabuni. Mchaniko ukakutana na mchaniko, sawasawa.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "toka huko nyuma ya kabati. Kunjua wewe, usome wewe, kesho pasiwe na maneno."

Mwalimu Benjamini akaikunjua. Ilikuwa picha ya kamera, ya kale, rangi ya chai. Ua wa boma. Mzungu kakaa kwenye kiti, kofia gotini. Mtu kalazwa kifudifudi, mgongo wazi, watu wamemkalia miguu na mikono. Juu yake kasimama askari, kiboko kimeinuliwa.

"Kijerumani sikijui," Mwalimu akasema, "lakini jina ni jina hata kwa Kijerumani. Hapa pameandikwa Moshi. Na huyu wa chini... Tarimo. Karani Tarimo."

Kweli alikuwa karani. Hilo Isidori hakudanganya.

"Haya!" Candida akasimama, mikono kiunoni. "Mtoto wa watu mlitaka kumchapa kwa kusema kweli. Na wewe ndiwe uliyechana. Shauri limekwisha. Nenda kwenye lile benchi ukamwombe radhi."

Nilitegemea Isidori atabwata. Nanyi mlitegemea hivyo, msikatae. Lakini alikaa chini, juu ya sakafu, mgongo ukutani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Mwenyekiti.

"Ijumaa nilikitoa kabatini nikichome chote. Nikaufungua ukurasa huo. Nikauchana, nikawasha kiberiti. Mkono ulikataa." Akajifuta pua kwa kiganja. "Babu sikumkuta duniani. Nyumbani wameniambia tangu utoto alikula meza moja na Mjerumani. Huyo hapo, ndiye. Nina masikio yake. Hiyo ndiyo picha pekee ya babu yangu, nami nimetafuta picha yake maisha yangu yote. Ningeichomaje?"

Rajabu alivua koti taratibu akamfunika nalo mabega. Utani ulikuwa umekwisha.

Blandina naye aliinama juu ya picha. Alitaka kumwona huyo karani, ampe mjukuu wake neno la kumtuliza. Alimwona. Kisha macho yakapanda, kwenye mkono ulioshika kiboko, kwenye bega, kwenye sikio la kushoto ambalo nusu yake haikuwepo.

Akaishika meza.

"Una nini, shoga?" Candida akauliza.

Blandina alikuwa anafumbua ile miiba ya Kijerumani, mmoja mmoja. Chini ya picha, baada ya jina la Tarimo, palikuwa na jina jingine ambalo Mwalimu Mkuu hakulisoma kwa haraka yake.

Sasa, msomaji, simama hapa kidogo. Mwanamke huyu ameshinda. Mtoto wake yuko salama. Hakuna mtu ofisini humo anayelijua jina hilo. Akifunga kitabu anarudi sokoni kwa vigelegele. Wewe ungefanya nini? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

"Hata mimi," Blandina akasema.

"Hata wewe nini?" Isidori akainua kichwa.

"Hii ndiyo picha pekee ya babu yangu."

Akaweka kidole juu ya askari.

"Jina lake Fikirini. Baba wa mama yangu, mtu wa Kilwa. Sikio hilo alitafunwa na fisi akiwa mtoto, nami nimelishika nikiwa mdogo, nikilala mapajani mwake. Alituambia alikuwa mpishi wa Wajerumani."

Candida akamvuta kanga, akamnong'oneza, lakini Candida haijui kazi hiyo, alisikika mpaka nje. "Si ungenyamaza? Nani angejua?"

"Ninyamaze vipi? Tumeitana hapa kwa sababu mtu kachana ukurasa. Nikinyamaza, nami nimechana."

Isidori alisimama. Koti likaanguka. Alikwenda mezani, akaisoma picha, herufi kwa herufi, akamtazama Blandina kama anayemwona leo.

"Kumbe," akasema. "Mama mzima ananisomesha Farao na Warumi. Ananiita mimi wa hamsa ishirini. Kumbe kiboko kimelala kwenu!"

"Kimelala kwetu."

"Na bado unasema mtoto wako hachapwi?"

"Hachapwi! Sasa ndiyo nasema kwa kinywa kipana." Machozi yalimtoka Blandina, naye hakuyafuta. "Nyumbani kwa yule mzee hapakuwa na fimbo, Isidori. Hata ya kufukuzia kuku. Siku moja mama alinichapa kwa mti wa ufagio. Babu akauchukua ufagio, akautia jikoni, ukaungua wote, tukazoa taka kwa mikono. Tulimcheka. Tukasema mzee kachanganyikiwa. Kumbe alikuwa anaujua mkono wake. Nimekataa fimbo tangu nizaliwe na sikujua nani kanifundisha. Leo nimemjua. Sitamwonea haya, na sitamsafisha. Lakini alichokichoma yeye hakirudi kwa mwanangu, si kwa mkono wako, si wa Mwalimu, si wa mtu yeyote."

Isidori alifungua mdomo kujibu.

Kengele ya saa nne ikalia.

Alimgeukia Mwalimu Mkuu, macho yamemtoka.

"Kengele," akasema. "Benjamini, kengele!"

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti, ni saa nne."

"Nilimwambia mwalimu wa zamu. Nilikuwa na hakika nitashinda. Nilimwambia kengele ya saa nne ikilia, mchukue pale kwenye benchi, anza. Usinisubiri."

Na kutoka uwanjani, sauti za watoto zikapaa kwa pamoja. Shule hiyo ina desturi yake: anayechapwa, wenzake humhesabia.

"Moja!"

Blandina alishapita mlangoni.

"Mbili!"

Alikimbia bila viatu, kanga mkononi. Nyuma yake Candida, nyuma ya Candida Rajabu, na Isidori, ambaye sijui miguu hiyo aliitoa wapi, akawapita wote wawili.

"Tatu! Nne! Tano!"

Walipokata kona ya darasa la kwanza, wote wakasimama kama waliogonga ukuta.

Hakuna aliyekuwa anachapwa.

Katikati ya uwanja Josepha kalala kifudifudi kwenye vumbi, kama alivyoamriwa. Pembeni yake kalala rafiki yake Klara. Pembeni ya Klara, Ignasi, yule mtukutu wa darasa. Na kutoka kwenye mstari wa darasa la saba walikuwa wanatoka mmoja mmoja bila kuitwa, wanalala, na kila anayelala shule nzima inamhesabu.

"Sita! Saba!"

Mwalimu wa zamu, Eliakimu, kijana aliyetoka chuoni juzi, alisimama na fimbo hewani, jasho linamtiririka. Mkono ulikuwa umemgandia. Alipomwona Isidori alishusha pumzi kama mtu aliyeletewa maji.

"Ndugu Mwenyekiti! Afadhali umekuja. Hawa wameniasi. Nifanye nini? Nianze na nani?"

Isidori alikuwa anatazama migongo. Migongo midogo, mashati meupe, imepangwa juu ya vumbi la Kariakoo, na mtu kasimama juu yake ameinua fimbo. Picha ile ile, bila Mzungu kwenye kiti.

Akanyoosha mkono. "Lete hiyo fimbo."

Eliakimu akampa. Kuhesabu kukakoma. Shule nzima ilisikia kinanda cha redio kutoka duka la ng'ambo.

Isidori aliipima fimbo mkononi. Akapiga hatua kuelekea kwa Josepha. Kisha akasita, akageuza kichwa, akamtafuta Blandina, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyesamehe.

"Babu yangu hakuna aliyelala pembeni yake," akasema. "Hata mmoja."

Blandina alimwendea. Candida alimshika mkono, naye akauchomoa. Rajabu alimwita, hakugeuka. Alipofika pale akatandika kanga yake vumbini, akalala kifudifudi kando ya binti yake, akamshika kidole. Kisha akageuza uso juu, akamtazama mwenye fimbo.

"Basi leo wapo," akasema. "Haya, mjukuu wa Tarimo. Mjukuu wa Fikirini huyu hapa, na zamu ni yako. Lakini ukianza, hesabu mwenyewe, tena kwa sauti, babu yako akusikie."

Isidori akainua fimbo.